Sega Lisilokatwa

Sogeeni. Mwenye sikio alitege, asiye nalo aazime la jirani, ila akumbuke kulirudisha.

Katika misitu ya Sikonge aliishi mrina asali aitwaye Kasanda. Mama yake, Nyamizi, alijaliwa sauti ya kuimba. Mkewe, Kalunde, alijaliwa ubishi. Msicheke, ubishi nao ni kipaji. Ng'ambo ya mto aliishi Pazi, Mzaramo aliyeoa huko akalowea, naye alijaliwa mdomo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na Pazi hakuwahi kukutana na Kasanda asimtanie mpaka machozi ya kicheko yawatoke.

Kijijini kwao sega la kwanza la msimu halikatwi wala haligawanywi. Mrina hushuka nalo mtini, hutaja jina la mtu mmoja anayemshukuru kuliko wote, na mtu huyo hulila peke yake mbele ya kijiji. Hiyo ndiyo desturi, na hakuna heshima inayoipita.

Sasa, siku moja tawi lilikatika, Kasanda akaanguka kichwa chini. Hospitalini daktari akasema, "Ubongo umeumia pale yanapokaa maneno. Ataishi. Mengine sijui." Kasanda akarudi nyumbani akitembea na kula, lakini maneno yote yalikuwa yamemtoka, hata jina lake. Ukimwita, hageuki. Kalunde alilia sana, maana mume alikuwa mbele yake naye akajiona mjane.

Nyamizi aliketi karibu na mwanawe akimenya karanga, akauimba wimbo ambao warina huwaimbia nyuki wakiwa juu ya mti. Alipofika kwenye kiitikio, Kasanda alifungua kinywa akaitikia. Jamani! Mtu asiyeweza kusema "maji" aliuimba wimbo mzima, hakuacha hata neno. Ungo ukamdondoka Nyamizi.

"Mwanangu yumo humo ndani," akasema. "Mlango tu ndio umefungwa."

Lakini wimbo ulipokwisha, akawa bubu tena.

Kalunde akaudaka wimbo ule. Aliuimba, akanyamaza kabla ya neno la mwisho. "Nyuki shuka mtoni, ukanywe..."

"Maji," Kasanda akamalizia.

Kalunde akajaza kata ya maji, akaificha mgongoni. "Sasa niambie bila wimbo. Unataka nini?"

Kasanda akanyoosha kidole.

"Kidole sikijui. Sema."

"Mzinga."

"Mzinga haunyweki, mume wangu."

Majirani wakamwita katili anayemnyima mgonjwa maji. Hakubanduka. Jasho lilimtoka Kasanda, midomo ikatetemeka, mpaka akasema, "Ma... ji." Kalunde akamnywesha, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia. Ndivyo maneno yalivyorudi, kwa kuvutwa moja moja: moto, mbuzi, kamba, mke. Ila ukimuuliza, "Wewe ni nani?" Kasanda aligeuka kutazama nyuma yake, kama kwamba anayeulizwa amesimama huko.

Pazi wakati huo wote alikuwa kwao pwani. Aliporudi, mtu akamwambia kwa makosa kwamba Kasanda alianguka akafa. Aibu iliyoje! Mtani ndiye anayefanya vituko msibani ili waliofiwa wacheke, naye hakuwepo. Akaja mbio, kilio cha uongo kimeanzia njiani: "Mnyamwezi amekufa, nani atatubebea mizigo!" Akaingia uani bila kutazama huku wala huku, akanyakua kofia ya Kasanda ukutani, akaivaa. Akatembea kwa mwendo wa Kasanda, bega moja juu, akikohoa kikohozi chake.

"Kasanda ni mimi! Mizinga yangu, mke wangu! Kalunde, ugali uko wapi?"

"We Pazi, hajafa!" Kalunde akapiga kelele.

Kasanda alikuwa ameketi kigodani. Aliitazama kofia. Akalitazama lile bega. Akainuka polepole, akamvua Pazi kofia, akaivaa mwenyewe.

"Mwongo wewe," akasema. "Kasanda... mimi."

Nyamizi akapiga magoti. Nami kila nikifika hapa, mwili hunisisimka.

Msimu ulipofika Kasanda alipanda tena mti, kijiji kizima kikiwa roho mkononi. Akashuka na sega la kwanza, asali ikimchuruzika hadi viwikoni. Chini walimngoja watatu.

"Bila wimbo wangu," akasema Nyamizi, "nani angejua kwamba yumo?"

"Ni kweli, mama," akajibu Kalunde. "Lakini wimbo ulikuja ukaondoka. Mimi niliyavuta maneno yakabaki, na nikaitwa katili kwa ajili yake."

"Ninyi mlikirudisha kinywa," akadakia Pazi. "Mimi nilimrudisha mwenye kinywa! Tena nilikuja kumlilia tu. Lete sega, Mnyamwezi."

Kasanda akawatazama mmoja mmoja. Mtu aliyepoteza majina yote, na lake likiwemo, sasa anayo matatu mdomoni, na desturi inamruhusu kutamka moja tu. Kinywa kimefunguka. Asali inadondoka mchangani.

Haya, wewe uliyetega sikio, sega umelishika wewe. Unamwita nani?