Jino la Makame na Harusi Tatu

Hili nimelisimulia mara nyingi, na kila mara watu wameondoka wamenuniana. Nimechoka nalo. Lakini mmeniomba, basi tegeni masikio, na tafadhali msigombane mbele yangu.

Palikuwa na mpiga zumari akiitwa Makame, aliyejaliwa pumzi isiyokatika. Alikuwa na dada yake mkubwa, Bi Mize, aliyejaliwa subira. Alikuwa na rafiki yake, Faki mpiga ngoma, aliyejaliwa ulimi wa kubembeleza. Na katika mji wa pili alikuwepo Daktari Biubwa, tabibu wa meno, aliyejaliwa mikono mepesi.

Siku moja ngomani wachezaji walimsonga Makame kama kawaida yao, maana kwetu mtu hajihesabu amecheza mpaka sikio lake likaribie kugusa zumari. Kiwiko cha mmoja kikaipiga zumari, zumari ikalipiga jino la mbele. Jino likalegea, likabaki linaning'inia. Na zumari haipigwi kwa pengo. Pumzi yote hutoroka.

Nyumbani wajomba walikuwa wameshafunga uzi, ncha moja kwenye jino, ncha ya pili kwenye kitasa cha mlango. "Dawa ya jino ni kung'oa," walisema. Makame mwenyewe alikuwa hoi kwa maumivu, akawaambia waubamize mlango wamalize. Bi Mize akaukata uzi. Akakaa na ndugu yake, akimnywesha uji kwa kijiko, akimshika mkono kila alipoupeleka mdomoni, mpaka wajomba wakasusa wakaenda zao. Makame akasema kwa taabu, "Dada, jino hili likibaki, ngoma yangu ya kwanza ni ya harusi ya mwanao."

Faki akaja na baiskeli, akampakia nyuma. Walipofika mjini, kliniki imefungwa na mlinzi hataki kusikia neno.

"Rudini kesho, jamaa zangu."

"Kesho tutakuletea pengo, kaka," Faki akajibu. Akamsihi, akamsifu, akamuuliza hali za watoto wake mmoja mmoja, hata yule mtu akachoka, akaenda kumwita daktari nyumbani kwake. Njiani, huku kila shimo likimtoa machozi, Makame alikuwa ameshamwahidi Faki ahadi ile ile.

Daktari Biubwa alikuwa amesimama tangu asubuhi na miguu imemvimba. Msaidizi wake akamwekea koleo tayari. "Ling'oe tu, daktari, ukapumzike." Kung'oa kungekuwa kazi ndogo. Lakini alimuuliza mgonjwa anafanya kazi gani, akasikia jibu, akanawa mikono upya. "Jino la pembe si dawa ya pengo," akasema. Akalisafisha jino, akalirudisha mahali pake, akalifunga kwa waya mwembamba pamoja na meno ya jirani. Makame, mdomo umekufa ganzi, akamwahidi naye.

Msimlaumu sana. Mtu anayeumwa na jino huahidi hata asichokuwa nacho.

Sasa, wote watatu walikuwa wanawaoza watoto wao siku moja, Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani. Nani asiyeitaka siku hiyo? Baada yake ni mfungo, na ngoma hazilii. Daktari alipoutoa waya, akamwambia Makame ukweli.

"Mzizi umekufa. Ukilipumzisha, utalitafunia miaka. Ukipiga zumari, litavumilia ngoma moja tu, kisha nitaling'oa mwenyewe."

"Na harusi ya kwako, daktari?"

Biubwa akatazama pembeni. "Ya kwangu ipo pale pale. Ahadi ni deni."

Watatu hao walipokutana mbele ya Makame, Bi Mize akasema, "Bila mimi ungekuwa kibogoyo kabla hujatoka mlangoni." Faki akasema, "Bila mimi kliniki isingefunguliwa." Daktari akasema, "Bila mimi mngemrudisha na jino lake kiganjani." Na wote watatu walisema kweli, hapo ndipo ninapochokea mimi.

Makame aliwasikiliza, zumari mapajani. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyetoka safari ndefu akaambiwa arudi alikotoka. "Mngeliacha ling'olewe siku ile," akasema, "leo ningekuwa nimelala."

Ijumaa imefika. Nyumba tatu zimepambwa, na katika kila nyumba kuna bibi au bwana harusi anayetega sikio barabarani, maana harusi isiyo na zumari husemwa mpaka wajukuu. Makame amesimama kwenye njia panda, na mdomoni mwake mna ngoma moja tu.

Haya, nyinyi mlioshiba na meno yenu yote. Mwelekezeni: aende kwa aliyelilinda, kwa aliyelifikisha, au kwa aliyelirudisha? Au ageuke nyumbani asimpigie yeyote, abaki na jino lake na aibu yake? Semeni, anawasubiri.