Ubao Uliokatwa Sawasawa

Kabla hamjaanza kutazama saa, nisikilizeni. Wiki nzima nimekuwa nikipatanisha watu wa kanisa hili hili. Na kila niliyemuuliza, "Kwa nini umemuumiza mwenzako namna hii?" amenijibu neno lile lile: "Mchungaji, kwani nimesema uongo?" Jibu hilo limenichosha. Leo nalijibu kwa habari ya fundi mmoja wa samani.

Fundi huyu alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Mlango wake ukifunga, umefunga. Siku moja akajinunulia msumeno wa umeme, ule wa kushika mikononi, ambao bledi yake hujificha ndani ya kava. Unauweka juu ya ubao, unaukandamiza, bledi inazama. Na pembeni pana skrubu ndogo ya kupanga kina, yaani bledi izame kiasi gani na isipite hapo.

Muuza duka akamweleza vizuri tu. "Fundi, mninga na plaiwudi na aluminiamu si kitu kimoja. Angalia unakata nini, uweke bledi yake. Na kina ukipange upya kila mara. Meno yachungulie chini ya ubao kidogo, basi."

Fundi akacheka. "Kaka, wewe uza. Kukata niachie mimi."

Sasa, siku hiyo alikuwa anakata mninga mnene, mgumu kama shingo za baadhi yetu humu. Akafungua ile skrubu mpaka mwisho, bledi ikazama yote, akakata vizuri. Halafu ikaja zamu ya plaiwudi ya mgongo wa kabati, kitu chembamba, ukikiinua kinayumba. Mwenye kabati amesimama nje anapiga simu kwa kelele. Benchi limejaa vitu. Vibano vya kushikia ubao vipo, vimening'inia msumarini, vinamtazama. Je, alisafisha benchi? Alichukua vibano? Thubutu! Alimwita mkewe.

Mkewe alikuwa msusi. Muda huo yuko barazani hapo hapo, anamsuka dada mmoja wa jirani. Vidole vya mama huyu ndivyo vilivyoilisha nyumba kila kazi za mbao zilipokauka. Mnanielewa? Nyumba ilikula kwa vidole.

"Mama watoto, hebu njoo unishikie hapa!"

"Nina kichwa cha mtu, baba."

"Dakika moja tu! Kwani hicho kichwa kitatembea?"

Akaja, mikono bado ina mafuta ya nywele. Akaukinga ubao kwa chini kwa viganja vyote viwili. Akautazama ule msumeno, akasema, "Baba, hayo meno si marefu mno? Ubao wenyewe huu mwembamba."

"Wewe shika. Mimi nafuata mstari."

Jamani! Kugeuza skrubu kunachukua muda gani? Hata kope haijashuka umemaliza! Lakini mtu aliyekwisha kuambiwa ni hodari, utamwambia nini?

Akakandamiza. Ubao ukakatika mara moja. Lakini bledi haijui kwamba ubao umekwisha. Ikaendelea chini, na chini kulikuwa na mikono.

Majirani wakaja mbio. Mmoja akamfunga mama yule mkono kwa kanga, pikipiki ikamkimbiza zahanati. Vidole viwili vikabaki kwenye vumbi la mbao. Na fundi wetu? Mnajua alifanya nini? Aliuokota ubao, akauinua mbele ya watu. "Tazameni wenyewe! Nimetoka nje ya mstari? Nani anionyeshe nilipokosea?"

Na kweli hakutoka. Ubao ulinyooka, ungeweza kuupeleka kwenye maonyesho.

Ndipo yule dada, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akamwambia, "Hakuna aliyekuuliza habari za ubao."

Mnaguna? Msimgunie fundi. Tujigunie sisi wenyewe.

Kuna mzee wetu mmoja alimwambia mjane, jeneza likiwa bado halijatoka ndani, kwamba marehemu aliuawa na pombe. Kweli? Kweli tupu. Tulijua sote, na mjane alijua kuliko sisi. Kuna mwalimu wa kwaya alimwambia binti mbele ya wenzake kwamba sauti yake inaharibu wimbo. Kweli, inaharibu, nina masikio. Lakini binti huyo leo hayupo kwenye benchi lake, na mwalimu bado anatuinulia ubao: "Nimesema uongo?"

Mimi unafiki siupendi, mnanijua. Sijasema tuache kukata. Anayeiba sadaka na kucheka, huyo ni mninga, zamisha yote. Lakini mtoto aliyeanguka mtihani akaja mwenyewe kukuambia ni mninga? Mke anayekuuliza kwa upole umelala wapi ni mninga? Hao ndio wanaotushikia ubao, na ndio tunaowakata, kwa sababu wako karibu na hawana gamba.

Mungu anazijua kweli zetu zote. Angeamua kuzamisha bledi mpaka mwisho, nani angekuwa ameketi humu asubuhi hii?

Sasa, wale niliokaa nao wiki hii nawaona, msijifiche nyuma ya vitabu vya nyimbo. Tukitoka hapa, kila mtu aende kwa aliyemkata. Na ukifika, nakuomba, usianze kumwonyesha jinsi mstari ulivyonyooka. Uacheni ubao nyumbani. Ulizeni kwanza mkono unaendeleaje.