Aliyemsitiri Bi Time

Kisa hiki sitakimaliza mimi. Mtakimaliza ninyi.

Bi Time wa Pemba alizaa watoto watatu katika mji mmoja wa baridi huko Uingereza. Zuwena, wa kwanza, alikuwa mwepesi wa kutenda. Faki alikuwa na kifua cha kupokea pigo na moyo wa kutolirudisha. Mize, kitindamimba, alikisema Kiingereza cha mtaa ule kama wenyeji wenyewe. Shuleni waliitwa wageni. Pemba, ambako hawajawahi kukanyaga, waliitwa Wazungu.

Siku moja walikuwa kituo cha basi na mama yao. Mwanamume mmoja akawasogelea. "Rudini kwenu," akasema, akaunyakua mtandio wa Bi Time na kuutupa topeni. Bi Time akachutama, akajifunika kichwa kwa mikono. Watu kituoni wakainamia simu zao.

Zuwena alivua mtandio wake, akamfunika mama. Upepo ukampiga shingoni. Alihisi macho ya kituo kizima kwenye nywele zake, na yule mtu akacheka.

Faki akaingia kati. Ngumi ya kwanza ilimpasua mdomo, ya pili ikamng'oa jino. Hakuinua mkono, kwani alijua kwamba kama angeuinua, polisi wangemchukua yeye.

Mize alimwendea mwanamke mmoja wa Kizungu. "Mjukuu wako nasoma naye," akamwambia. "Kesho nimwambie uliona, ukanyamaza?" Mwanamke yule akaona haya, akawaita polisi, akatoa ushahidi. Mtu yule akafungwa.

Habari zikafika Wete, kule Pemba. Bibi yao, ambaye hawajawahi kumwona, akatuma tiketi moja ya ndege na neno: "Aje kwangu aliyemsitiri mwanangu."

Hapo nyumba ikachafuka.

"Si Zuwena," alisema baba yao, Mzee Shaame. "Aliyesimama kichwa wazi barabarani kamsitiri nani?"

"Mtandio ulikuwa mmoja, baba, na vichwa viwili," Zuwena akajibu. "Ungeniambia nifunike kipi?"

"Bila mimi angeunyakua na huo," Faki akasema kwa mdomo uliovimba.

"Na bila mimi," Mize akasema, "angekuwa pale kituoni mpaka leo, anatungoja."

Zuwena akamgeukia mama yake, akitaka neno moja tu. Bi Time aliangalia sakafu. Na tangu siku hiyo ndugu hao watatu hula kila mtu kwa wakati wake.

Haya, tiketi nakukabidhi wewe unayesikiliza. Utampa nani? Na wale wawili utakaowanyima, utawatazama usoni uwaambie nini?