Namsifu Asiyejua Kuchoka

"Pumzi haba hutembezwa, haifungiwi." Mmemsikia mwalimu wenu akiisema leo uwanjani, mkaja kuniuliza ameitoa wapi. Methali hii ilianza hivi, na ilianza nyumbani kwa dada yangu Nakunda, huku huku kwetu milimani Upare.

Nakunda alikuwa na binti mmoja, Namsifu. Mtoto yule alikuwa na pumu, lakini mbio alikuwa nazo. Siku moja, akiwa na miaka minane, alibanwa kifua akikimbizana na wenzake njiani kutoka shule. Aliletwa mgongoni, midomo imekuwa rangi ya majivu. Alipona. Mama yake hakupona.

Tabibu wa zahanati alimweleza waziwazi. "Mama Namsifu, avute dawa yake kabla ya mchezo, aanze polepole, akibanwa apumzike na avute tena. Lakini acheze. Usimkalishe."

"Wewe hukumwona siku ile," Nakunda alijibu.

Akamkalisha. Namsifu hakuteka maji, hakushika jembe, hakucheza rede. Sisi tuliona, tukanyamaza. Nani angembishia mama aliyeyaona yale? Mtoto akakulia dirishani, miguu imenyauka kama ya mgonjwa, akizijua sauti za wenzake kuliko sura zao.

Alipotimiza miaka kumi na tisa, Nakunda alianza kuugua, hofu nyingine ikamwingia: nikifa, huyu ataishi vipi? Ndipo akamshika mkono, akamtoa nje. "Twende, mwanangu, mpaka kwa mama yako mdogo."

Kwangu si mbali. Wakiniita kutoka mlangoni kwao, naitika. Lakini hawakufika hata nusu. Nilipotoka nilimkuta Namsifu amekaa chini, mkono kifuani, anahema.

"Vuta dawa," mama yake alimwambia.

"Kwani ni pumu, mama?"

"Mimi nitajuaje? Kifua ni chako."

"Na mimi sijui. Sijui kama nabanwa, au nimechoka tu kama watu wanavyochoka. Sijawahi kuchoka, mama."

Nakunda akaketi pale pale udongoni. Nimehudhuria misiba mingi, sijasikia kilio kama kile. "Nilimficha kifo," alisema, "kumbe nimemficha na mwili wake. Pumzi haba hutembezwa, mdogo wangu. Mimi niliifungia."

Tulijaribu tena, wiki baada ya wiki, tabibu naye akaja kutusaidia. Kila mara moyo ukianza kumwenda mbio, Namsifu aliingiwa na woga, akarudi ndani. Nakunda alifariki binti yake hajafika kwangu hata mara moja. Mpaka leo chakula chake nampelekea mimi.

Waliokuja kuzika niliwasimulia, wakaondoka na maneno ya marehemu, na sasa kila mzazi hapa mwenye mtoto wa pumu huambiwa: pumzi haba hutembezwa, haifungiwi.