Watu wa Bondeni Wahamia kwa Kadhi

Hapo zamani, katika mji wa Mtambwani, mto ulifurika siku tatu mfululizo, ukazoa nyumba zote za mtaa wa Bondeni, na watu wake wakabaki na mbuzi wachache, bata, na nguo walizovaa. Basi Kadhi Ghalibu akapanda mimbari akalia. Alikuwa hodari wa kulia. Alianza kwa jicho moja, kisha likafuata la pili, na kila alipolia watu walitoa: mchele, samli, tende, mablanketi, hata bangili za wake zao. Ikawa magunia yanapita mjini mchana kutwa, yakaingia nyumbani kwa Kadhi, wala hayakuonekana yakitoka.

Miezi miwili ikapita. Siku moja barazani, Sultani Shekuwe akauliza, "Ewe Kadhi, sadaka ya Bondeni imefika?"

"Imefika yote, Bwana wangu."

Pale mlangoni alikuwako Mbaruku, maskini asiye na kazi wala mke, aliyefika barazani kila siku kwa ajili ya kahawa ya bure. Akacheka hata kahawa ikamtoka puani.

"Wacheka nini, mpumbavu wewe?" akauliza Sultani.

"Niwie radhi, Bwana wangu. Jana nimelala Bondeni, nikafunikwa jani la mgomba. Kama lile ndilo blanketi, basi aliyelifuma hakuijua kazi yake. Mchele na mablanketi yote yako uani kwa Kadhi."

Kadhi akakohoa. "Bwana wangu, mtu huyu hajasoma. Sadaka hufika kwa nia. Nia ilikwisha kufika Bondeni zamani. Magunia yenyewe yanapumzika tu kwangu."

Sultani hakuelewa, lakini aliogopa sana dua za Kadhi wake, kwa hiyo hasira zake zikamwangukia Mbaruku.

"Umemvunjia heshima Kadhi wangu! Basi kabla ya sala ya Ijumaa, nataka nione sadaka ile imo mikononi mwa watu wa Bondeni, wala usitoe nyumbani kwa Kadhi gunia hata moja. Ukishindwa, utachapwa viboko arobaini na kufukuzwa mjini."

Watu wakamwonea huruma. Mbaruku akainama, akasema, "Nimesikia na nimetii," akamalizia kahawa yake, akaenda zake.

Alhamisi asubuhi, Kadhi akiwa mahakamani, Mbaruku akaongoza watu wote wa Bondeni, wazee kwa watoto, mbuzi na bata, mpaka mlangoni kwa Kadhi. Bawabu akawazuia. "Mwaenda wapi?"

"Hawa ndio wenye mali," akasema Mbaruku. "Wamekuja kuiangalia."

Kadhi aliporudi adhuhuri alikuta masufuria matatu ya wali yanachemka uani, mbuzi yuko darini anatafuna mkeka, na bata ametaga ndani ya kilemba chake cha Idi. Akakimbilia chumbani. Kitandani alilala Bi Mwanatumu, ajuza wa Bondeni, chini ya mablanketi manne.

"Bibi! Shuka kitandani kwangu!"

"Polepole, mwanangu, nimechoka na mafuriko. Na ukitoka, funga mlango, baridi inaingia."

Basi Kadhi akakimbia kichwa wazi mpaka kwa Sultani, na Sultani akaja mwenyewe, akamkuta Mbaruku anakula tende.

"Nilikukataza kutoa magunia!"

"Naam, Bwana wangu, wala sijatoa hata moja. Nimeleta watu. Waulize kama sadaka haijawafikia."

"Imefika!" wakaitikia wote, vinywa vimejaa wali.

"Na watatoka lini?" akalia Kadhi, na safari hii macho yote mawili yalianza pamoja.

"Wametoka zamani, Sheikh," akasema Mbaruku. "Nia yao iko Bondeni. Miili ndiyo inayopumzika kwako."

Sultani akacheka hata akashika ukuta. Kisha akakunja uso, akamwambia Kadhi, "Watakaa hapa mpaka kila mmoja awe na nyumba yenye paa. Wajenzi utawalipa wewe, na boriti utazibeba wewe." Mbaruku akapewa kanzu mpya, na bangili zikarudishwa kwa wenyewe.

Haijapata kuonekana Mtambwani kazi iliyokwenda mbio namna ile. Kwa siku kumi na tisa nyumba zote zikasimama, na Kadhi akapungua nusu. Bi Mwanatumu alikuwa wa mwisho kuondoka, naye aliondoka amelala, kwa kuwa alikataa kushuka kitandani, na Sultani akaamuru abebwe nacho.