Mabakuli Mawili, Meza Mbili

Hii nimetumiwa na shangazi yangu, naye hajui ilikotoka. Isome yote kabla hujaisukuma kwenye kikundi cha familia, maana nawajua, wengi wenu mnasukuma bila kusoma.

Mwalimu Shee, mkuu wa shule mstaafu kutoka Lamu, alikuwa uwanja wa ndege wa Nairobi akingoja ndege ya kwenda India kumtembelea mwanawe. Njaa ikamuuma. Akaingia kwenye mkahawa wa vyakula vya Kichina na Kithai ulio karibu na mlango wa kupandia ndege. Pale unaagiza na kulipa kaunta, unapewa kidude cha plastiki, kikitetemeka unajua chakula chako kimeiva.

Mwalimu hakuwa mtu wa kuamini ovyo. Miaka ya kuwakamata wanafunzi waliodanganya kwenye mitihani ilimfanya aone njama hata kwenye salamu. Na siku hiyo macho yake yalipata kazi.

Mama mmoja mzee, amejitanda leso, alikuwa ameketi akiutazama ukuta. Kijana aliyeingia naye alisimama mbali, nyuma ya nguzo. Kwenye kiti katikati yao palikuwa na begi jeusi. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Kijana akaenda kaunta, akainama, akamnong'oneza mpishi. Mpishi akamwaga supu aliyokwisha kuipakua, akaanza nyingine.

"Wanamtilia nini huyu mama?" Mwalimu akajiuliza. Tambi zake mwenyewe zilikuwa zinapoa na hakujali.

Chakula kilipokuwa tayari, kijana akabeba mabakuli mawili. Moja akaliweka kwenye meza ya jirani na ya mama, pamoja na kipakiti kidogo cheupe, akaondoka upesi bila neno. Mama akangoja mpaka kijana ageuke, ndipo akanyoosha mkono akalivuta bakuli. Kijana akaenda kula kwenye kona, amempa mgongo.

Mwalimu akashindwa kuvumilia. Akasogea.

"Habari za safari, mama?"

"Nzuri."

"Yule kijana ni nani wako?"

Mama akavuta leso ikamfunika nusu ya uso. "Ni wetu."

"Anaitwa nani?"

"Jina lake silitaji."

Hapo Mwalimu akawa na hakika. Kipakiti ni unga wa kulevya, mama ametishwa, na begi lina mambo. Akaenda kumwita askari.

Afande Jerotich, mwanamke asiyependa mchezo kazini, akawaingiza wote katika chumba cha ukaguzi. Mwalimu akafuata kama shahidi, kifua mbele. Begi likafunguliwa: nguo, shali, chupa ya maji. Kipakiti kikafunguliwa: vidonge. Kwenye kipaza sauti abiria wa India wakaitwa kwa mara ya mwisho.

"Afande, tukiachwa na ndege hii mama huyu ataumia," kijana alisema, uso ameuelekeza mlangoni. "Hospitali wanatungoja kesho asubuhi."

"Kama ni mtu wako, mtazame usoni uniambie hivyo," Afande akasema.

"Siwezi."

"Unaona, Afande!" Mwalimu akadakia. "Unaona!"

Mama ndiye aliyezungumza, uso ukutani.

"Mimi ni wa Bungoma. Huyo amemwoa binti yangu. Kwetu sisi mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawali pamoja, wala hawatajani majina. Figo zangu zimekufa. Alimwambia mpishi asinitilie chumvi, na hivyo vidonge navimeza na chakula."

Mwalimu aliona aibu, lakini bado alitaka kushinda. Kwao Lamu mkwe akija hulishwa na mama mkwe mpaka ashindwe kuinuka.

"Sasa mama, si ungesindikizwa na binti yako mwenyewe, kuliko mtu asiyeweza hata kukutazama?"

"Binti yangu alipimwa, figo yake ikakataliwa," mama akajibu. "Wanangu wa kiume walisema wana kazi nyingi. Huyo hanisindikizi. Huyo anakwenda kunipa figo yake."

Afande Jerotich akanyakua redio yake, akawaambia wa mlangoni wasifunge, kuna abiria wanakuja. Kisha akamgeukia kijana, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Unakubali kupasuliwa kwa ajili yake, halafu kumtazama tu huwezi?"

"Figo ni yangu, Afande, naweza kuitoa," kijana akasema. "Kumtazama sikupewa ruhusa."

Wakapelekwa mbio hadi kwenye ndege, mama mbele kwenye kiti cha magurudumu alicholetewa, kijana nyuma kabisa. Mwalimu aliwafuata akiwa amenywea.

Ndani alimkuta kijana amesimama njiani, hajui la kufanya. Kiti chake kilikuwa ubavuni mwa mama mkwe.

"Nenda ukakae kwenye kiti changu, mwanangu," Mwalimu akamwambia. "Mimi nitakaa na mama. Na unisamehe."

Funzo: Heshima ya watu wengine inaweza kufanana na hila machoni pako. Ukiona jambo usilolielewa, uliza kwa nia ya kujua, si kwa nia ya kukamata.