Chui Ampikia Mkwewe Kaa

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na mafiga yao, wakwe zao na masengenyo yao, Chui alihama bara akajenga kibanda kando ya mikoko. Mwenyewe alisema hewa ya bahari inamfaa kifua. Majirani walisema ni habari ya mbuzi wa watu. Mimi sikuwapo, kwa hiyo sisemi, lakini mbuzi hakuwa mmoja.

Sasa huyu Chui alikuwa na mke, jina lake Mwanamize, mwenye madoa ya kupendeza na maneno machache. Mwanamize akavumilia, akavumilia, mwisho akafunga mzigo wake akarudi kwao. Kosa la mume lilijulikana mpaka na kunguru. Akipata nyama hukwea nayo mtini, akala peke yake huko juu, na mkewe amekaa chini anasikia mifupa inavyodondoka, pu, pu, pu.

Chui alilia. Kweli alilia, msicheke. Kibanda bila Mwanamize kilikuwa kama chungu bila chakula. Akatuma salamu kwa kunguru, akatuma tena, mwisho mama mkwe akajibu. Atakuja mwenyewe kula chakula cha mchana. Hataki nyama, habari za nyama ya Chui anazo za kutosha. Anataka kaa, kwa kuwa yeye ni wa bara na hajapata kumwonja. Chui ampike kwa mikono yake na amwandalie mzima. Akishiba, Mwanamize atarudi kwa mumewe. Asiposhiba, Chui asimsumbue tena kunguru wa watu.

Asubuhi ya siku hiyo, maji yalipokupwa, Chui akaingia matopeni. Akaona shimo, akatia mkono. Ga! Akautoa mbio. Akatia wa pili. Ga! Akatia yote miwili kwa hasira, akavuta, akatoka na Kaa mnene, mweusi anayeelekea kijani, gamba pana kama sahani. Akamfunga magando kwa ukindu, akarudi nyumbani anajilamba vidole vilivyovimba.

Kumbe kazi ilikuwa haijaanza. Chui tangu azaliwe amekula mbichi. Alimweka Kaa sakafuni jikoni akamzunguka. Mbele ni wapi? Huyu anachunwa au ananyonyolewa? Mbona mifupa iko nje na nyama haionekani? Akashika kisu, akakirudisha. Akafunua chungu akachungulia ndani, kana kwamba maelezo yako humo. Akachochea moto, kisha akasimama ameshika kiuno.

"Hivyo utaniharibu," sauti ikatoka sakafuni.

Chui akatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu ila kitoweo.

"Ni mimi, bwana mkubwa. Kufa nitakufa, hilo nimelikubali. Lakini nikifa mchuzi mbaya, jamaa zangu wote mkondoni watanicheka. Kwetu tuna heshima zetu. Nani anakuja kula?"

Chui, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumweleza, akamweleza yote: Mwanamize, mama mkwe, kunguru, mpaka mifupa akaitaja. Kaa akasikiliza, macho yamemsimama juu ya vijiti vyake. Akasema amesikitika sana, na kwamba kwa mgeni wa namna hiyo kaa hapikwi ovyo. Kwanza moto uzimwe. Chungu kijazwe maji ya bahari, si ya kisima. Kaa alazwe humo akiwa amefunguliwa magando, kifuniko kiwekwe, apumzike mpaka jua lifike utosini, atoe mchanga na taka zote za mwilini. Baada ya hapo taka hutupwa, kaa hupikwa.

Chui akakuna kichwa. Kuzima moto ili kupika? Na akimfungua si atakimbia?

"Nikimbilie wapi, na jiwe litakuwa juu ya kifuniko? Weka kubwa kabisa."

Hapo Chui akatulia. Mwizi gani huchagua kufuli? Akaenda kuteka maji ya bahari, akamfungua ukindu, akamtumbukiza, akafunika, akaweka jiwe ambalo hata yeye lilimtoa jasho. Kisha akakaa pembeni analinda.

Sasa sogeeni niwaambie jambo ambalo Chui wa bara halijui. Kaa akinenepa, gamba lake halinenepi naye. Linambana kama kanzu ya utotoni. Siku ikifika hulipasua kwa nyuma, akatoka humo kinyumenyume, mwili mzima, magando, miguu, mpaka vijiti vya macho. Mpasuko hujifunga nyuma yake, na linalobaki ni gamba lililokamilika, ukilitazama utasema kaa huyu hapa. Na yeye mwenyewe, akishatoka, huwa laini kama ugali wa moto, hana nguvu hata ya kumfinya dagaa. Kaa wetu alikuwa amebanwa siku nyingi. Ndiyo maana Chui aliweza kumvuta shimoni. Alichokuwa anakosa ni maji ya chumvi, magando yasiyofungwa, na nafasi.

Ndani ya chungu kukasikika kwaru, kwaru. Halafu kimya. Halafu psss.

Chui akagonga kifuniko, akauliza kama taka zinatoka. Sauti ikajibu kwa shida, kama ya mtu anayevua shati lililoloa, kwamba zinatoka, bwana, ila ni nyingi.

Jua likafika utosini. Chui akaondoa jiwe, akafunua, akachungulia.

Akafunika tena.

Akakaa chini, akavuta pumzi, akafunua mara ya pili. Ndivyo hivyo. Aliweka kaa mmoja, sasa wako wawili. Mmoja ametulia, mgumu, na magando yake na miguu yake yote. Wa pili amelala kando yake, mkubwa kuliko wa kwanza, rangi imempauka, analegea kama kitambaa kilichoachwa majini.

"Kaa ni nani hapa?" Chui akauliza.

"Yule," akasema yule laini. "Mimi ni taka."

Chui akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. "Taka inasema?"

"Bwana mkubwa, tumbo lako likiwa na uchafu halingurumi?"

Hunguruma kweli, Chui alilijua hilo vizuri, hasa siku za mbuzi. Lakini bado akili yake ilikuwa inazunguka kama kuku aliyepoteza kifaranga. Akasema taka hii ina macho. Laini akajibu kwamba kaa ametoa taka mpaka za machoni, ndivyo kaa safi anavyokuwa. Akasema taka hii ni kubwa kuliko mwenyewe. Laini akamuuliza, kwa upole, kama amewahi kufagia kibanda chake akaliona lile fungu la vumbi mlangoni.

"Tuguse wote wawili," akamalizia. "Kisha uchague mwenyewe cha kumpa mama mkwe. Mimi siwezi kukuchagulia."

Chui akamgusa wa kwanza: ko, ko, ko. Imara. Akamgusa wa pili, kidole kikazama. Akakunja uso. Akajiona anamwandalia mama mkwe kitu cha namna ile, kinateleza sahanini, nywele zikamsimama mgongo mzima.

Basi akachuma jani la mgomba, akamchota yule laini kwa ncha za kucha, pua ameigeuza pembeni. Laini akamsihi asimtupe karibu na jikoni, harufu itampokea mgeni kabla ya mwenye nyumba. Amtupe mbali, penye maji yanayokwenda. Chui akaenda mpaka mkondoni, akazungusha mkono, akarusha kwa nguvu zake zote.

Chubwi!

Akanawa kwa mchanga, akanawa tena. Akarudi anaona fahari, maana alikuwa karibu kuchanganya.

Mapishi yenyewe sasa yalikwenda kama wimbo. Akamwaga maji ya bahari, akawasha moto tena, akabandika tui la nazi, akatia kitunguu, manjano, ukwaju na pilipili, akamlaza kaa wake katikati. Alimwona mwepesi, akasema moyoni kwamba huo ndio usafi wenyewe. Mchuzi ulipochemka gamba likageuka jekundu, jekundu la harusi, na Chui akacheka peke yake jikoni. Alianza hata kufikiri mahali Mwanamize atakapotundika kanga zake.

Mama mkwe akafika na mkoba wake na kiu yake. Chui akamwamkia akiwa ametazama chini, kama inavyompasa mkwe. Kwa adabu zao mkwe hamtazami mama mkwe akila, kwa hiyo alikuwa ametundika mkeka katikati ya chumba. Akapitisha wali, akapitisha bakuli la kaa, kisha akakaa upande wake wa mkeka, mgongo ameupa ukuta, masikio ameyasimamisha.

Akasikia mama mkwe anavyonusa. Akasikia anasema kwamba rangi ni nzuri. Akasikia kacha!

Akasikia ukucha unakwaruza ndani ya gamba.

Kacha tena. Ukucha ukakwaruza zaidi.

"Mkwe wangu," sauti ikavuka mkeka. "Huyu kaa wenu huliwa wapi?"

"Ndani, mama."

"Ndani nimeshafika. Hakuna mtu."

Chui akasema ajaribu magando, nyama ya kaa iko kwenye magando. Kacha! Akasema ajaribu miguu. Kacha, kacha, kacha, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayebisha hodi mtaa mzima uliokwenda mazikoni. Chui jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye nyayo. Alimpika mwenyewe, alimlinda mwenyewe, chungu hakikutoka machoni pake. Nyama imepita wapi?

"Nimewaona walafi," mama mkwe akasema taratibu. "Baba yake Mwanamize alikuwa mlafi, Mungu amrehemu. Lakini mtu wa kumla kaa kuanzia ndani, mpaka kwenye kucha za miguu, bila kutoboa gamba hata mahali pa sindano! Huo si ulafi tena, mkwe wangu, huo ni ufundi."

"Sikumla, mama. Nakuapia kwa mwanao, hata mchuzi sikuuonja."

"Basi nieleze."

Chui akaeleza. Alieleza habari ya moto kuzimwa, na maji ya bahari, na jiwe, na alivyofunua chungu akakuta wako wawili. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kupotea, akarudi nyuma, akaanza tena kwenye jiwe. Mama mkwe hakumkatiza. Alipomaliza, alimuuliza maswali yake kwa sauti ndogo.

"Hiyo taka ilikuwa kubwa?"

"Kubwa kuliko huyu, mama."

"Ina magando?"

"Inayo. Lakini laini."

"Na nani alikwambia kuwa ni taka?"

"Yenyewe," Chui akasema.

Chui akasikia bakuli linasukumwa, wali unafunikwa, mkoba unaokotwa.

"Nilikuja nikijua mwanangu ameolewa na mchoyo," mama mkwe akasema akiwa amesimama. "Mchoyo hufundishwa. Unamkalisha, unamwambia gawa, anagawa huku analia, lakini anagawa. Wewe sijui nianzie wapi kukufundisha. Kitoweo kimekwambia nitupe, ukakitupa. Kesho mwizi atakwambia nibebee, utambeba. Mwanamize akae kwangu."

"Mama, umeshiba?" Chui akauliza, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa limebaki kichwani mwake.

"Nimeshiba maneno," mama mkwe akajibu, akatoka.

Na Kaa? Kaa alikuwa matopeni chini ya mizizi ya mkoko, anangoja gamba jipya limkauke. Alikuwa anacheka, lakini taratibu, maana ukiwa laini namna ile kucheka kwa nguvu kunauma.

Chui aliondoa mkeka. Akakusanya vipande vya gamba jekundu, akavipanga mezani kimoja kimoja, miguu mahali pa miguu, magando mahali pa magando, mpaka kaa akawa mzima tena. Akamtazama sana. Akamchungulia kwa upande wa nyuma, jicho moja limefumbwa.

"Tafadhali," akamwambia kwa adabu. "Wewe ni kaa, au wewe ndiye taka?"

Gamba halikumjibu, na mpaka hapo bado hakuwa ameelewa.

Watoto, msikiulize kitoweo namna ya kukipika.